Jinsi ya Kuwafundisha Polisi wa Kituo Kumhudumia Mtu Mwenye Maradhi ya Akili: Mwongozo wa Saa 40

Maswali ni yale yale kila mara. Mafunzo yachukue siku ngapi? Nani awafundishe askari, daktari au polisi mwenzao? Pingu zitumike au zisitumike? Na mtu akishatulizwa, apelekwe wapi saa nane za usiku? Mwongozo huu unayajibu kwa mpangilio. Umeandikwa kwa ajili ya kituo cha polisi cha Kenya: kwa OCS (mkuu wa kituo) anayetaka kuanza, kwa muuguzi wa hospitali ya kaunti aliyeombwa kufundisha, au kwa kikundi cha familia za wagonjwa chenye nia lakini hakijui pa kuanzia. Aliye Tanzania au Uganda anaweza kuutumia pia, ila abadilishe sehemu ya sheria.

Saa 40 zina asili yake. Mfumo huu ulianza Memphis, Marekani, mwaka 1988. Mwaka uliotangulia polisi wa mji huo walikuwa wamempiga risasi na kumuua kijana mwenye maradhi ya akili aliyekuwa ameshika kisu. Polisi, vyuo vikuu na familia za wagonjwa wakaketi pamoja, wakatoka na mambo matatu: mafunzo ya saa 40 kwa askari wa doria waliojitolea wenyewe, wapokea simu waliofundishwa, na mahali pamoja pa kumpokea mgonjwa saa zote bila kumzungusha askari. Wanaoiga mfumo huo mara nyingi huchukua lile la kwanza na kuyaacha mawili yaliyobaki, na hapo ndipo juhudi nyingi hufia. Askari aliyefundishwa kuongea kwa upole, halafu akakosa pa kumpeleka mtu, atamrudisha seli. Baada ya mara mbili tatu ataacha hata kuongea kwa upole.

VITU VYA KUWA NAVYO KABLA HUJAANZA

Watu:
- Askari 20, wasizidi 24. Wakizidi hapo, mazoezi ya vitendo hayamfikii kila mmoja.
- Wakufunzi wakuu wawili: muuguzi wa afya ya akili au afisa wa kliniki kutoka hospitali mtakayoitumia, na polisi mwenye miaka mingi ya doria. Usimweke daktari peke yake. Askari humsikiliza kwa adabu, kisha husema kando kwamba huyu hajawahi kukabiliwa na panga.
- Watu watatu au wanne wanaoishi na maradhi ya akili, ambao hali yao imetulia kwa angalau miezi sita, na ndugu wawili wa wagonjwa. Walipwe nauli na posho sawa na wakufunzi wengine, kwa sababu kazi yao ni ile ile.
- Waigizaji wanne wa mazoezi. Vijana wa kikundi cha maigizo cha mtaani wanatosha.

Vifaa:
- Chumba cha kukaa watu 30 kwenye duara, na uwanja au nyumba tupu ya kufanyia mazoezi.
- Karatasi za manila 20, kalamu nene, na utepe mwekundu.
- Panga, kisu na jiwe vya bandia, vilivyokatwa kwa kadibodi au mpira. Visiwe vya mbao, kwa sababu mbao huumiza.
- Mkeka au godoro jembamba la zoezi la kumshika mtu.
- Nakala ya Sheria ya Afya ya Akili, Sura ya 248, iliyojumuisha marekebisho ya 2022. Usitumie nakala ya zamani.
- Fomu ya makabidhiano ya ukurasa mmoja (imeelezwa katika hatua ya 9).

Onyo la kwanza, na halina mjadala: hakuna bunduki, risasi, rungu wala dawa ya kuwasha macho ndani ya eneo la mafunzo. Silaha zibaki ghala la silaha la kituo. Kila asubuhi na kila baada ya mapumziko, watu wawili wamkague kila anayeingia, wakiwemo wakufunzi na mgeni yeyote mwenye cheo. Askari huigiza kwa nguvu zote, na mkono uliozoea hufuata mazoea.

HATUA YA 1: Kubaliana na hospitali kwanza

Fanya hili wiki nne kabla ya siku ya kwanza. Nenda na OCS hospitali ya umma iliyo karibu yenye huduma za akili. Kwa wa Nairobi kuna Mathari, kwa wa Mombasa kuna Port Reitz. Ondokeni hapo mkiwa na karatasi iliyotiwa sahihi inayojibu mambo manne: askari aingilie mlango upi mchana na upi usiku, nani ampokee, kwa cheo na namba ya simu ya zamu, askari atasubiri kwa muda gani kabla ya kuachiliwa arudi kazini (pendekezeni dakika 30), na nani atatoa gari ikiwa la kituo liko mbali au halina mafuta.

Hospitali ikikataa kutia sahihi, usianze mafunzo. Mwone mratibu wa afya ya akili wa kaunti. Kuchelewa mwezi mmoja ni nafuu kuliko kufundisha watu jambo lisilo na mwisho.

HATUA YA 2: Chagua askari

Tafuta waliojitolea. Aliyelazimishwa atakaa nyuma na simu yake. Hakikisha kila zamu itakuwa na angalau wawili waliofunzwa, usiku na wikendi zikiwemo, maana familia nyingi hupiga simu baada ya mgonjwa kukesha siku kadhaa.

Weka pia watu watatu ambao wengi huwasahau: askari wa meza ya ripoti, anayepokea simu, na dereva wa gari la doria. Wa kwanza ndiye huamua kama kisa kitaandikwa OB (kitabu cha matukio cha kituo) kama "fujo" au kama mgonjwa. Na dereva ndiye huwasha king'ora.

HATUA YA 3: Gawanya saa

Sheria na kanuni za nguvu: saa 3. Kutambua dalili: saa 5. Kukutana na wanaoishi na maradhi na ndugu zao: saa 4. Kutembelea hospitali: saa 4. Mbinu za kuongea: saa 8. Maigizo: saa 12. Kushika, pingu na usafiri: saa 2. Fomu, mtihani wa vitendo na mipango ya kituo: saa 2.

Ukibanwa na muda, punguza mihadhara. Saa 12 za maigizo usiziguse. Zoezi moja likifanywa vizuri huchukua dakika 25 pamoja na tathmini yake, na kila askari anapaswa kuwa msemaji mkuu angalau mara mbili. Piga hesabu mwenyewe, utaona kwamba kwa watu 20 lazima mgawanyike makundi mawili yanayofanya kazi kwa wakati mmoja.

HATUA YA 4: Fundisha sheria kwa ufupi

Askari wanahitaji mambo matano tu, na wayaandike kwa mkono wao:

a) Kifungu cha 16 cha Sheria ya Afya ya Akili kinampa mamlaka ya kumchukua mtu polisi wa cheo cha inspekta na kwenda juu, au OCS, na pia chifu na naibu wake. Konstebo aliye doria ampigie simu mkubwa wake mapema, na jina la aliyeidhinisha liandikwe.
b) Mamlaka hayo hayamhusu mwenye vurugu peke yake. Yanamhusu pia mgonjwa asiyetunzwa, au anayeteswa na walio nyumbani. Aliyefungwa kamba mguuni nyuma ya nyumba ni kazi ya polisi.
c) Mtu huyo afikishwe hospitali ndani ya saa 24. Hizo saa 24 ni kikomo. Asikae seli kwa kuwa eti muda upo.
d) Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011, Jedwali la Sita, inamtaka askari ajaribu kwanza njia zisizo za nguvu. Nguvu ikileta kifo au jeraha baya, IPOA, mamlaka huru inayosimamia mwenendo wa polisi, lazima iarifiwe.
e) Kujaribu kujiua si kosa la kufungulia mashtaka tena. Mahakama Kuu ilitamka tarehe 9 Januari 2025 kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinakiuka Katiba. Aliyeokolewa apelekwe hospitali, asiandikwe OB kama mshukiwa.

Litakuja swali: je, mgonjwa akiwa ameiba au amempiga mtu? Kesi inaweza kufunguliwa. Matibabu hutangulia, na uwezo wake wa kujitetea huchunguzwa na mahakama chini ya kifungu cha 162 cha Sheria ya Utaratibu wa Makosa ya Jinai. Askari haamui hilo barabarani.

HATUA YA 5: Fundisha dalili, acha majina ya magonjwa

Askari hatakiwi kujua tofauti ya skizofrenia na bipola. Anatakiwa kuona mambo manne na kujua la kufanya kwa kila moja.

Anayesikia au kuona yasiyokuwepo, au anayeamini kwamba anafuatwa: punguza kelele na idadi ya watu, ongea polepole.

Aliye juu sana, haongeleki, hajalala siku kadhaa: fupisha sentensi, mpe nafasi ya kutembea. Pwani, uliza kuhusu muguka na miraa. Kutafuna mfululizo na kukesha kunaweza kumfanya mtu aone kila mmoja ni adui.

Aliyezama katika huzuni au anayetaka kufa: kaa naye, usimwache peke yake hata dakika moja.

Aliyechanganyikiwa, asiyejua alipo wala siku gani: huyu mhesabu kuwa dharura ya mwili mpaka hospitali iseme vinginevyo.

Hili la nne litumie saa nzima, kwa kuwa ndilo linaloua watu seli. Sukari iliyoshuka hufanya mtu atetemeke, atokwe jasho, apige watu na kuongea kilevi. Malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, na jeraha la kichwa huleta fujo na maneno yasiyoeleweka. Aliyetoka kwenye kifafa anaweza kumsukuma anayemshika bila kujua. Mlevi wa miaka mingi aliyeacha pombe ghafla anaweza kuanza kutetemeka na kuona wadudu siku ya pili mpaka ya nne, yaani akiwa tayari yuko mahabusu siku mbili kwa kosa dogo, na anaweza kufa. Chang'aa yenye methanoli hupofusha. Wafundishe kuuliza na kuangalia vitu sita: joto la mwili, jasho, jeraha kichwani, harufu ya pombe, bangili au kadi ya kisukari au kifafa, na je, hali imeanza ghafla leo? Hali iliyoanza ghafla kwa mtu mzima ambaye hakuwahi kuugua akili ipelekwe hospitali moja kwa moja, bila kupitia kituoni.

Waeleze pia kuhusu dawa. Anayetumia haloperidol (dawa ya maradhi ya akili) au dawa za aina yake anaweza kuwa na uso mkavu, mikono inayotetemeka, mwendo mzito, au akashindwa kutulia mahali pamoja. Askari asiyejua hilo huona ulevi au kiburi. Ukimwamuru atoe mikono mfukoni, ataitoa, lakini baada ya sekunde kadhaa. Zisubiri hizo sekunde.

HATUA YA 6: Walete wenye uzoefu, kisha nendeni wodini

Siku ya kipindi hiki askari wavae nguo za kiraia. Wageni wasipandishwe mbele kama mashahidi. Gawa makundi ya askari watano kwa mgeni mmoja, na mgeni achague mwenyewe la kusema. Swali la kuanzia linalofaa: "Mara ya mwisho ulipokutana na polisi ukiwa unaumwa, ni nini kilikusaidia na ni nini kiliharibu?" Kabla ya hapo, kubaliana na kila mgeni ishara ya kusimamisha mazungumzo, na muuguzi awepo.

Ziara ya hospitali iwe ya kufuata njia ambayo askari ataipita: lango, dawati, chumba cha kusubiri, wodi. Askari azungumze na muuguzi wa zamu ana kwa ana na wabadilishane namba. Wagonjwa wasipigwe picha.

HATUA YA 7: Fundisha maneno

Kanuni za kwanza ni chache, na zisemwe kwa sauti darasani mpaka zikae mdomoni.

Msemaji awe mmoja. Wengine wawili watatu wakiongea kwa pamoja, mgonjwa anayesikia sauti kichwani hana pa kushika. Jitambulishe kwa jina, useme na nia yako: "Naitwa Mwende. Mimi ni polisi. Nimekuja kusaidia, sitaki uumie." Uliza jina lake, ulitumie. Mzee aitwe mzee au baba, mama aitwe mama. "Wewe!" na "kijana, njoo hapa!" huvunja kila kitu kabla hakijaanza. Sentensi isizidi maneno saba au nane, amri moja kwa wakati mmoja. Ukishauliza, hesabu kimoyomoyo mpaka kumi kabla ya kurudia. Askari wengi hurudia baada ya sekunde mbili, tena kwa sauti ya juu zaidi.

Usibishane na sauti anazosikia, wala usizikubali. Akisema majirani wamemwekea sumu, usimwambie ni uongo, na usijifanye umeiona hiyo sumu. Sema: "Mimi sijaiona. Lakini naona umeogopa sana. Nani anaweza kukaa nawe sasa?"

Anayeonekana kutaka kufa, muulize wazi: "Unafikiria kujiua?" Askari huogopa kwamba swali litampandikizia wazo. Halimpandikizii. Aliyekuwa na wazo hupata nafuu mtu anapolitaja, na asiye nalo atasema hapana. Ukishajibiwa ndiyo, uliza kwa njia gani, na kama kitu hicho kiko karibu.

Usidanganye. "Twende tukanywe chai," kisha mgonjwa akajikuta kwenye lango la Mathari, ni hila ambayo hata ndugu hupenda kuitumia. Inafanya kazi mara moja. Safari ya pili mtu yule yule hatapanda gari, na askari atakayekuwa zamu siku hiyo ndiye atakayeumia. Mwambie mnakwenda hospitali, na mweleze kitakachofuata.

Zoezi la sauti: lifanyeni asubuhi ya siku ya tatu, kabla ya igizo lolote. Unahitaji manila moja iliyokunjwa kuwa bomba, na watu watatu. Wa kwanza aketi kwenye kiti. Wa pili asimame nyuma yake na kunong'ona ndani ya bomba, sikioni, bila kukoma: "Usimjibu. Anakudanganya. Angalia mkono wake. Toka hapa. Wewe si kitu." Wa tatu akae mbele na kumpa kazi tano za kawaida: taja jina lako kamili, taja namba ya kitambulisho, toa saba kutoka mia, eleza njia ya kutoka hapa mpaka stendi, simama ugeuke kushoto. Dakika tatu tu, kisha wabadilishane. Wengi watashindwa kutoa saba, wengine watageuka kulia, na wengine watakasirika kweli. Baada ya hapo hutahitaji kueleza kwa nini mgonjwa "hakutii amri". Mnong'onaji asitumie matusi ya ukabila wala jambo la kweli la maisha ya mwenzake, na anayetaka kukaa nje ya zoezi hili aruhusiwe bila kuulizwa sababu.

HATUA YA 8: Maigizo

Hapa ndipo kazi ilipo. Kila igizo lina askari wawili au watatu wanaofika, mwigizaji mmoja, watazamaji, na mkufunzi aliyefunga utepe mwekundu mkononi. Neno "SIMAMA" likitamkwa na yeyote, kila kitu husimama.

Anza na mepesi, kisha upande kwenye magumu.

1. Mzee aliyepotea stendi usiku, anadai anakwenda kazini kwenye kampuni iliyofungwa zamani.
2. Kijana mwenye usonji aliyeziba masikio, hajibu, anayumba mbele na nyuma, na umati umeshaanza kusema ni mwizi.
3. Mwanamume aliyeletwa na raia kama mlevi, anatokwa jasho, hanuki pombe.
4. Mama aliyejifungua wiki tatu zilizopita, hajalala, anasema mtoto si wake.
5. Mwanafunzi aliye juu ya paa la hosteli.
6. Mama amepiga simu: mwanawe yuko sebuleni na panga, hajalala siku tatu, ameacha dawa.

Katika igizo la 2, pima jambo ambalo askari hulipuuza: umati. Askari wa pili kazi yake ni watu, simu zinazorekodi na mawe. Akisimama kumtazama mwenzake anavyoongea, igizo limeshindwa, hata kama mazungumzo yalikuwa mazuri.

Katika igizo la 6 anza kwenye simu. Mpokea simu aulize: ana silaha gani na iko mkononi au karibu, nani mwingine yuko ndani, anaumwa nini na dawa gani ameacha lini, nini humtuliza na nini humkasirisha, anaongea lugha gani. Kisha gari lisimame mbali, king'ora na taa zikiwa zimezimwa. Watu wa ndani watoke kwanza. Askari asiingie kwenye chumba kimoja na panga: aongee kutoka mlangoni au dirishani, kitu kizito kiwe kati yao, na nyuma yake pawe wazi pa kurudi. Asiye na silaha mkae mbali naye kama meta mbili, mkisimama kwa pembeni kidogo, mikono ionekane. Mwenye panga apewe nafasi kubwa zaidi, na msimzibie njia zote. Mtu aliyebanwa kona hupigana.

Jambo ambalo mkufunzi atalirudia mpaka achoke: kama hakuna anayekatwa sasa hivi, una muda. Dakika 40 za mazungumzo si uzembe. Mwagize mwigizaji asikubali mapema. Akiweka panga chini baada ya dakika mbili, askari wamejifunza uongo. Alegee tu anapotajwa kwa jina, anapoachiwa kimya, na anaposikilizwa, na apande anapopigiwa kelele au anaposogelewa.

Tathmini ya kila igizo ina maswali matatu, kwa mpangilio huu: mwigizaji, ulihisi nini kila aliposema nini? Msemaji, ungebadilisha nini? Watazamaji, taja sentensi moja iliyosaidia. Mkufunzi azungumze mwisho, na kwa dakika mbili tu.

HATUA YA 9: Mikono, pingu, gari na makabidhiano

Pingu hazikatazwi kabisa. Zinatumika pale hatari ya kuumia iko wazi, na sababu iandikwe. Mgonjwa aliyekubali kwenda kwa hiari asifungwe kwa ajili ya mazoea.

Onyesheni kwenye mkeka jinsi mtu anavyokufa akiwa ameshikwa: kifudifudi, mikono nyuma, uzito mgongoni. Kifua hakipanuki. Aliyehangaika sana, mnene, au aliyetumia miraa au pombe, yuko kwenye hatari zaidi. Kwa hiyo hakuna goti mgongoni wala shingoni. Mara tu mikono inapodhibitiwa, mgeuzeni kwa ubavu, kisha aketi. Askari mmoja, aliyetajwa kwa jina, kazi yake iwe kutazama pumzi tu. Asiyeweza kupumua huhangaika zaidi, na wanaomshika hudhani anapinga. Na aliyekuwa akipiga kelele akinyamaza ghafla, angalieni pumzi papo hapo.

Kwenye gari aketi wima kwenye kiti, asilazwe sakafuni nyuma ya Land Cruiser. Ndugu mmoja anayeaminiwa na mgonjwa apande naye. Mwanamke asindikizwe na askari wa kike.

Fomu ya makabidhiano iwe na sehemu hizi na zisizidi: saa na mahali, aliyepiga simu, alichofanya na kusema mgonjwa, kwa maneno yake mwenyewe, silaha, nguvu iliyotumika na majeraha, dawa na ugonjwa unaojulikana, ndugu na simu yake, mali aliyokuwa nayo, namba ya OB, jina na sahihi ya aliyempokea. Nakala moja hospitali, moja kituo. "Mgonjwa ana fujo" halimsaidii daktari. "Alikuwa akimwongelesha mtu asiyeonekana, akasema hajala siku mbili kwa kuogopa sumu" linamsaidia.

HATUA YA 10: Baada ya mafunzo

Kila baada ya miezi mitatu, kaeni saa nne: kituo, hospitali, na mwakilishi wa familia. Leteni fomu zote. Hesabuni visa, waliofika hospitali, waliolala seli, nguvu iliyotumika, walioumia pande zote, na muda wa kusubiri mlangoni. Kisha mfanye maigizo mawili kutoka kwenye visa halisi, bila majina.

YANAPOKWAMA

Askari wanacheka wakati wa maigizo. Kicheko cha kwanza kiache, ni woga. Kikiendelea, simamisha, na anayecheka achukue nafasi ya mgonjwa.

OCS hawezi kutoa watu siku tano. Gawanya nusu-siku kumi za saa nne kwa wiki tano. Usikubali "semina ya siku moja" kwa jina hili. Siku moja itoe kwa kila askari wa kituo kama utangulizi, na uite hivyo hivyo.

Hospitali imekataa kumpokea mgonjwa licha ya makubaliano. Askari asibishane na mlinzi. Apige namba iliyo kwenye karatasi, aandike jina la aliyekataa na saa, amjulishe OCS, na abaki na mgonjwa hapo hapo. Kisa hicho kiwe cha kwanza kwenye kikao kijacho.

Imelazimu mtu akae kituoni kwa saa chache. Asiwekwe seli na mahabusu wengine. Akae chumba chenye mwanga, bila mshipi wala kamba za viatu, askari akimtazama uso kwa uso muda wote. Maji na chakula apewe, na dawa zake ziletwe na familia zikiwa kwenye paketi yake.

Mgonjwa haelewi Kiswahili wala Kiingereza. Aliyezidiwa mara nyingi hurudi kwenye lugha ya mama, na polisi wengi hufanya kazi mbali na kwao. Bandikeni meza ya ripoti orodha ya askari na lugha wanazozijua, zikiwemo lugha ya alama. Ndugu akitafsiri, mwambieni atafsiri maneno tu, asimkemee.

Familia inataka polisi "wamtandike kidogo atulie". Jibu liwe fupi: hatupigi mgonjwa, tunampeleka hospitali, na mmoja wenu anakuja nasi.

Askari amerudi kutoka kisa kibaya na hali yake si nzuri. Mtoe zamu hiyo, azungumze na mshauri siku hiyo hiyo. Namba 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya ni ya bure, na ibandikwe ndani ya chumba cha askari, si kwenye ubao wa wananchi peke yake.

Waliofunzwa wamehamishwa. Hili litatokea, ndivyo kazi ya polisi ilivyo. Weka orodha ya waliofunzwa kwa zamu, na zamu ikibakiwa na mmoja, anza kusajili darasa jipya bila kungoja mwisho wa mwaka. Kila darasa litoe wawili wenye kipaji wa kusaidia kufundisha linalofuata. Aliyehamishwa aende na nakala ya fomu na ya makubaliano ya hospitali, ili OCS wa kituo chake kipya awe na mahali pa kuanzia.